Amir Abdulqadir: Aliyevunjiwa ahadi, akailinda amana ya wengine

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema.

Ama baada ya utangulizi huo, ndugu msomaji, safu yetu ya Ijumaa ya leo inamkumbuka Amir Abdulqadir bin Muhyiddin al-Jazairi, mwanachuoni na mujahidi aliyefariki dunia mwaka 1883. Wengi wetu tunamjua kwa upanga wake, kwa kuwa aliwapinga Wafaransa nchini Algeria kwa muda wa miaka 15. Upande wa pili wa maisha yake haujulikani sana, nao ndio tunaokusudia kuueleza. Mtu huyu aliketi kitako na maadui zake akatafuta suluhu, aliweka kanuni za kuwatunza mateka, na hatimaye, akiwa mgeni katika mji wa watu, aliokoa maelfu ya roho wakati nchi ya Sham ilipokuwa ikiwaka moto. Waliookolewa hawakuwa Waislamu. Walikuwa Wakristo, watu wa dini moja na wale waliomtoa nchini kwake na kumvunjia ahadi.

MALEZI YAKE

Amir Abdulqadir alizaliwa mwaka 1808 katika kijiji cha Guetna, karibu na mji wa Mascara, magharibi mwa Algeria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa kiongozi wa zawiya ya tariqa ya Qadiriyya, tariqa ambayo wasomaji wetu wa Unguja, Bagamoyo na miji mingine ya mwambao wanaifahamu vyema. Zawiya ile haikuwa mahali pa dhikri pekee. Ilikuwa chuo cha elimu, nyumba ya wageni, na baraza ambako makabila yaliyogombana yalikuja kupatanishwa. Kwa hiyo, kijana huyu alijifunza kazi ya usuluhishi akiwa bado mdogo, kwa kuwaona wazee wakiifanya.

Alihifadhi Qur'ani Tukufu, akasoma fiqhi, hadithi na lugha, na akasifika kwa kupanda farasi. Katika miaka ya 1820 alifuatana na baba yake kwenda Hija. Safari hiyo iliwapitisha Cairo na Damascus, ikawafikisha hadi Baghdad, kwenye kaburi la Sheikh Abdulqadir al-Jilani.

Mnamo Julai 5, 1830, jeshi la Ufaransa liliuteka mji wa Algiers. Utawala wa Waturuki ulianguka, na bara lote likabaki bila ya mwenye amri. Makabila ya magharibi yalimwendea Sheikh Muhyiddin yakimtaka awaongoze. Mzee huyo alijiona umri umempita, akamtanguliza mwanawe. Mwezi Novemba 1832 watu wakampa baia Abdulqadir, naye akiwa na umri wa takriban miaka 24 tu.

MIKATABA MIWILI NA ADUI

Jambo la mwanzo la kuzingatia ni kwamba Amir huyu hakuipenda vita kwa ajili ya vita. Alipigana pale ilipobidi, na mlango wa suluhu ulipofunguka aliuingia. Mwezi Februari 1834 alifunga mkataba na Jenerali Desmichels, aliyekuwa akitawala mji wa Oran. Mkataba huo haukudumu. Mwaka uliofuata vita vilirudi, Wafaransa wakashindwa vibaya katika mapambano ya Macta, nao wakalipiza kwa kuuchoma moto mji wa Mascara.

Mei 30, 1837 ulifungwa mkataba wa pili, Mkataba wa Tafna, baina yake na Jenerali Bugeaud. Kwa mkataba huu, Ufaransa ilikubali mamlaka ya Amir juu ya sehemu kubwa ya magharibi na kati ya Algeria. Lakini mkataba ulikuwa na kasoro iliyokuja kuwagharimu watu wengi maisha yao: maandishi ya Kiarabu na yale ya Kifaransa hayakulingana. Kuhusu mpaka wa mashariki, na kuhusu nani hasa ni mwenye enzi, kila upande ulisoma ulichotaka kukisoma. Mwezi Oktoba 1839 majeshi ya Ufaransa yalipita katika ardhi ambayo Amir aliihesabu kuwa yake, na mwezi uliofuata vita vikaanza upya.

Safari hii vilikuwa vita vya kuangamiza. Bugeaud, ambaye sasa alikuwa Gavana Mkuu, aliamuru mashamba yachomwe, maghala yateketezwe na mifugo itekwe, ili wananchi washindwe kwa njaa. Mwezi Juni 1845, katika milima ya Dahra, askari wa Kanali Pélissier waliwasha moto kwenye mlango wa pango walimokimbilia watu wa kabila la Ouled Riah. Mamia walikufa kwa moshi, wakiwemo wanawake na watoto.

MATEKA NI AMANA

Katikati ya ukatili huo, Amir aliweka kanuni juu ya mateka. Ilikuwa kawaida ya zama zile kwa wapiganaji kukata vichwa vya maadui na kuvileta kambini kama ushahidi wa ushujaa. Amir aliipiga marufuku desturi hiyo. Akatangaza zawadi ya fedha kwa yeyote atakayemleta askari adui akiwa hai, na akasema kwamba mateka atakapolalamika kuwa aliteswa njiani, aliyemleta hatapata kitu. Wanawake waliotekwa walikuwa chini ya uangalizi wa mama yake, Lalla Zohra, katika hema zake mwenyewe. Zipo nyakati ambapo aliwaachia mateka bila ya fidia kwa sababu moja tu: chakula cha kuwalisha hakikuwepo.

Askofu wa kwanza wa Algiers, Antoine-Adolphe Dupuch, alimwandikia akimwomba amwachie mateka mmoja ambaye familia yake ilikuwa katika majonzi. Amir alimjibu kwa kumlaumu kwa upole, kwamba kiongozi wa dini alipaswa kuwaombea mateka wote badala ya mmoja, na awaombee pia Waislamu waliokuwa wakiteseka katika magereza ya Kifaransa. Askofu aliyakubali maneno hayo, na katika mwaka 1841 pande mbili zikabadilishana mateka kwa wingi. Fauka ya hayo, Amir alimtaka askofu apeleke kasisi kambini kwake ili mateka wa Kikristo wasikose ibada yao. Haya yalitendeka zaidi ya miaka 20 kabla ya Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1864.

Insafu inatutaka tuseme pia lililokuwa chungu. Mwezi Aprili 1846, mateka wengi wa Kifaransa waliuawa katika kambi ya Amir karibu na mpaka wa Morocco, yeye mwenyewe akiwa mbali vitani. Wanahistoria wamehitilafiana juu ya aliyetoa amri, na wengi wa walioandika habari zake wanaielekeza kwa wasaidizi wake waliobaki kambini bila chakula na bila matumaini. Hata hivyo, tukio hilo lilimwandama maisha yake yote. Kanuni njema huhitaji watu wa kuisimamia hata mwenyewe anapokuwa hayupo.

AHADI ILIYOVUNJWA

Mnamo Desemba 23, 1847, Amir aliweka silaha chini. Morocco ilikuwa imemfungia mlango, watu wake wamechoka, na wanawake na watoto waliofuatana naye hawakuwa na pa kukimbilia. Alijisalimisha kwa sharti lililo wazi, kwamba yeye na watu wake wapelekwe Alexandria au Akka, katika ardhi ya Waislamu. Jenerali Lamoricière aliridhia, na mtoto wa mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa Gavana Mkuu wakati huo, akalithibitisha sharti hilo.

Badala ya Alexandria, walipelekwa Toulon na kufungiwa ndani ya ngome. Miezi miwili baadaye ufalme wa Ufaransa ulipinduliwa, na serikali mpya haikutaka kubeba ahadi ya serikali iliyoondoka. Kutoka Toulon walihamishiwa Pau, kisha ngome ya Amboise. Walikuwa takriban watu mia moja, wanaume kwa wanawake na watoto, wazaliwa wa nchi ya jua waliofungiwa katika kuta za mawe na baridi. Zaidi ya 20 kati yao walifia Amboise, na makaburi yao yako huko hadi leo.

Wakubwa wa Ufaransa walimshawishi Amir aiachilie ahadi ile kwa hiari yake, wakamwahidi maisha ya raha nchini mwao. Alikataa. Aliona kwamba akiiuza ahadi hiyo, atakuwa amewahalalishia waliomdhulumu. Na miongoni mwa waliopaza sauti kumtetea alikuwamo Askofu Dupuch, ambaye mwaka 1849 alichapisha kitabu kizima cha kuwaeleza Wafaransa ubora wa mfungwa huyo. Wema wa mwaka 1841 ulirudi kwa mwenyewe wakati ambao hakuutarajia.

Hatimaye mwezi Oktoba 1852, Louis-Napoléon, aliyekuwa Rais na baadaye akawa Mfalme Napoleon wa Tatu, alifika Amboise na kumtangazia uhuru wake. Amir alikaa Bursa, nchini Uturuki, na baada ya mji huo kupigwa na zilzala mwaka 1855, alihamia Damascus. Huko akajishughulisha na ibada na kusomesha katika Msikiti wa Bani Umayya. Aliyemwona angedhani kwamba siku zake za vita na mikataba zimekwisha.

MOTO WA MWAKA 1860

Mwishoni mwa mwezi Mei 1860 vita viliripuka katika milima ya Lebanon baina ya Wadruzi na Wakristo wa Kimaroni. Maelfu waliuawa na vijiji vingi vikachomwa. Katika miji ya Hasbaya, Rashaya na Deir al-Qamar, Wakristo waliokimbilia majengo ya serikali wakitaraji hifadhi walichinjwa humo humo, na askari waliokuwepo hawakuwasaidia. Wakimbizi wakamiminika Damascus, na pamoja nao zikaja habari za hofu na uchochezi.

Damascus nao ulikuwa umejaa kuni kavu zikingoja cheche. Mwaka 1856 Sultani wa dola ya Uthmaniyya alitoa tangazo la kuwasawazisha raia wa dini zote, na baadhi ya Waislamu wakaona heshima yao imepunguzwa. Bidhaa za viwanda vya Ulaya ziliwaharibia riziki wafumaji wa mji, hali ya kuwa baadhi ya Wakristo walitajirika kwa biashara hiyo na kwa ulinzi wa mabalozi wa kigeni. Kulikuwa pia na mzozo wa kodi ambayo Wakristo walitakiwa kulipa badala ya kuingia jeshini. Ugomvi wa mali, wivu na siasa ulivishwa joho la dini.

Amir aliiona hatari mapema. Alikwenda kwa gavana, Ahmad Pasha, zaidi ya mara moja kumtahadharisha, na kila mara alituliwa moyo kwamba hakuna jambo. Aliwaandikia masheikh wa Kidruzi akiwasihi wasiuingie mji, na akazungumza na maulamaa na wakubwa wa Damascus. Kwa makubaliano na ubalozi mdogo wa Ufaransa, alipata pia silaha kwa ajili ya Waalgeria waliohamia pamoja naye. Hapa pana mazingatio makubwa. Mpatanishi huyu alizungumza na kila upande, hata na wawakilishi wa dola iliyomfunga, na wala hakuyategemea maneno matupu.

Julai 9, 1860, cheche ikaanguka. Vijana kadhaa wa Kiislamu walikuwa wamechora misalaba chini katika mtaa wa Wakristo ili ikanyagwe. Serikali ikawatia minyororo na kuwatoa hadharani wafagie njia za mtaa huo. Watu wakaghadhibika, umati ukaongezeka, na muda si muda nyumba za Wakristo zikawa zinavunjwa, zinaporwa na kuchomwa. Wakati huo Amir alikuwa nje ya mji akizungumza na Wadruzi ili warudi makwao, na katika hilo alifanikiwa. Aliporejea alikuta mji unawaka na askari wa serikali hawafanyi kitu.

Hakungoja amri ya mtu. Aliwatawanya Waalgeria wake kwa makundi wapite katika vichochoro vya mtaa wa Wakristo, wakiita kwamba anayetaka kuokoka awafuate. Wakawatoa mabalozi wadogo wa Ufaransa, Urusi na Ugiriki, wakawatoa masista pamoja na watoto waliokuwa chini ya malezi yao, mapadri, na familia moja baada ya nyingine. Nyumba ya Amir na za majirani wake zikajaa hata pasiwe na pa kuketi.

Umati ukafika mlangoni kwake ukidai utolewe Wakristo. Amir alitoka akawakabili. Aliwakumbusha kwamba dini yao inaharamisha kumwaga damu isiyo na hatia, na kwamba aliyeingia nyumbani kwake hatatolewa maadamu amebaki Mualgeria mmoja aliye hai. Walijua kwamba hayo si maneno ya mtu mwoga wala ya rafiki wa wakoloni, kwani nani kati yao aliyewahi kupigana na Wafaransa miaka 15? Wakarudi nyuma.

Nyumba zilipojaa, aliwahamishia wakimbizi katika ngome ya mji. Wengi wao waliingiwa na hofu kubwa, kwa kuwa walikuwa wamesikia yaliyowapata wenzao wa Hasbaya na Deir al-Qamar mikononi mwa askari wa serikali. Ndipo Amir akawasindikiza kwa watu wake mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba atatoa kirshi 50 kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake akiwa salama, akatandika mkeka mlangoni kwake, akawa anakaa hapo usiku na mchana akipokea watu na kutoa fedha. Njia ile ile aliyoitumia kuwanusuru mateka wa Kifaransa nchini kwake, aliirudia Damascus.

Ndani ya ngome walikusanyika maelfu, wengi wakilala uwanjani bila paa katika joto la Julai, na chakula hakikutosha. Utulivu uliporejea kidogo, misafara ilianza kuondoka kwenda Beirut ikilindwa na Waalgeria. Makadirio ya waliookolewa naye yanatofautiana, na baadhi yanafika 12,000.

Si haki kumtaja yeye peke yake. Katika mtaa wa Midan, Salih Agha al-Mahayini na watu wake waliwalinda Wakristo waliokuwa majirani zao. Sheikh Mahmud Hamza, ambaye baadaye alikuwa Mufti wa Damascus, naye aliwapa hifadhi. Waislamu walioua na kupora walikuwepo, na Waislamu waliokinga kwa nafsi zao walikuwepo. Historia imewaandika wote wawili.

BAADA YA MOTO

Sultani alimtuma waziri wake, Fuad Pasha, ambaye aliwahukumu waliohusika na kuwaua wengi, akiwemo gavana Ahmad Pasha aliyepigwa risasi mwezi Septemba mwaka huo. Ufaransa ilipeleka jeshi Beirut. Tume ya dola za Ulaya pamoja na dola ya Uthmaniyya ilikutana, na Juni 9, 1861 ikatoka kanuni mpya ya kuutawala Mlima Lebanon, iliyodumu hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Amir alipata nishani kutoka Ufaransa, Urusi, Ugiriki, dola ya Uthmaniyya na kwa Papa wa Roma, na Rais Abraham Lincoln wa Marekani akampelekea bastola mbili. Lakini zawadi iliyo na uzito zaidi kwetu ni barua ya Imamu Shamil wa Dagestan, mujahidi aliyepigana na Warusi kwa zaidi ya miaka 20 na ambaye wakati huo alikuwa mfungwa wao. Imamu Shamil alimpongeza kwa kuihuisha Sunna ya Mtume (S.A.W.) ya kuwalinda waliopewa amani. Amir naye alieleza kwamba alichofanya ni wajibu wa sheria ya Kiislamu na wa utu.

Alipotajwa kwa uongozi wa kisiasa katika nchi za Sham, hakuuendea. Alikwenda tena Hija, akarudi katika darasa zake, na akafariki Damascus mwezi Mei 1883. Alizikwa ubavuni mwa Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi. Baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, mabaki yake yalirejeshwa nchini kwake kwa heshima.

MAZINGATIO

Ndugu msomaji, tunajifunza mambo matatu. La kwanza, chuki haiondoi haki. Aya ya 8 ya Surat al-Maida inatufundisha kwamba kuchukia kwetu watu kusitupeleke katika dhulma. Amir alikuwa na kila sababu ya kuwachukia Wafaransa, lakini hakumtoza fundi wa Damascus deni la majenerali wa Algiers. Visasi vingi vya zama zetu hujengwa juu ya kosa hilo hilo, la kumwadhibu jirani kwa jambo lililotendwa na mtu wa mbali anayefanana naye kwa dini au kabila.

La pili, amani hufanyiwa kazi kabla moto haujawaka. Barua kwa Wadruzi, ziara kwa gavana na mazungumzo na maulamaa zilitangulia ile siku ya Julai 9. Lau gavana angesikiliza, huenda pasingekuwa na haja ya ngome wala mkeka.

La tatu, ahadi ni deni hata kwa asiyekuwa wa kwetu. Amir aliyaonja machungu ya kuvunjiwa ahadi kwa miaka karibu mitano, akawazika watu wake katika ardhi ya ugeni kwa sababu hiyo. Angeweza kutoka na fundisho kwamba ahadi hazina maana. Yeye alitoka na fundisho la kuwa zina thamani kuliko roho yake mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amrehemu Amir Abdulqadir, azipe amani nchi zinazoungua kwa vita, awape faraja waliokimbia makwao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozima moto na wala si wanaouchochea. Amin.

Wabillahi tawfiq.